Karatasi Chini ya Funguo

Karibu, mgeni. Ufunguo mkubwa ni wa lango la chini:
usukume kwanza, ndipo uuzungushe.
Mdogo ni wa chumba chako.
Wa tatu sijui ni wa nini,
nimeukuta kwenye pete hii.

Amka mapema. Mwezi wa sita hapa Sibiu
jua huwatangulia waokaji,
na uwanja mkubwa ni wako, wewe na njiwa
na mzee mmoja anayefagia mahali pasipo na taka,
mpaka saa tatu, mabasi yanapofika
na kumwaga kofia.

Paa zitakutazama. Usishtuke.
Yale madirisha membamba kama kope za msinziaji
yalitobolewa ili dari zipumue,
nafaka isiote ukungu. Ndivyo ninavyowaambia wageni.
Nina miaka sabini na moja
na bado sivui nguo kabla ya kufunga pazia.

Shuka ngazi hadi Mji wa Chini,
fuata harufu ya bizari na jibini mpaka sokoni, kando ya mto.
Mtafute Paraschiva, kitambaa cha kijani, sauti ya tarumbeta.
Cheri zinazong'aa ziache.
Chukua zilizodonolewa:
ndege hana sababu ya kukudanganya.
Leta kilo mbili. Mgeni siku mbili,
ya tatu sitakupa jembe,
nitakupa bakuli na kile kidude cha kutolea kokwa,
tukae uani mpaka vidole viwe vya wauaji.

Panda mnara ukipenda. Usihesabu vidato.
Marehemu Octavian alihesabu akapata idadi,
akashuka, akapanda tena, ikazidi kwa tisa.
Akalaumu mnara.
Ilikuwa moyo.
Lakini juu kule utaiona milima ya kusini
ikiwa bado na theluji begani,
kama mtu aliyesahau kuvua shali akaingia jikoni.

Saa kumi itanyesha. Hainyeshi sana.
Simama chini ya mti wowote wa tei,
umechanua wiki hii, utadhani mtu amevunja chupa ya asali hewani,
nyuki wamelewa, hawana habari nawe.

Halafu daraja. Najua utakwenda, wote huenda.
La chuma, dogo, maua kwenye ukingo.
Wanasema ukisema uongo juu yake, litalia.
Wapenzi hupigana picha wakiapa,
watoto hudai wana farasi ishirini,
nalo kimya.

Nilisimama pale na Roswitha, mwaka wa sabini na nane,
familia yake imepata karatasi za kwenda Ujerumani,
masanduku matano, saa ya ukutani ndani ya mto wa kulalia.
Nikamwambia, nitakuandikia kila mwezi.
Daraja halikulia.
Usilicheke. Siku ile nilikuwa nasema kweli.
Uongo ulikuja baadaye, polepole, kama kutu:
mwezi mmoja ukapita, nikasema mwezi ujao,
nikaolewa, stempu zikapanda bei,
sisi tukapangiwa nyumba hii, nyumba yao,
na ungeanzaje barua
ukiwa umekaa kwenye dirisha la mwenzio?

Basi ule ufunguo wa tatu.
Ni wa kabati la kona, chumbani mwako,
upande wa kushoto wa kitanda. Ndani hamna kitu cha thamani:
gauni la komunyo, daftari la hesabu,
mwandiko wake ukiegemea kulia kama anayekimbia basi.
Nimekudanganya pale juu, mstari wa nne,
na karatasi haikulia.
Ningeweza kuandika upya. Kalamu inaisha.

Paka si wangu, usimlishe.
Anaitwa Mițu, maziwa anayataka ya uvuguvugu.

Ukiondoka, weka funguo juu ya friji.
Zote tatu.

Veturia